Upepo Ukigeuka Ghafla Ziwani

Msikilizaji wa Ugalla, maji ya mto wako huingia Malagarasi, na hatimaye Ziwa Tanganyika. Wavuvi wa Karema na Ikola wanajua: upepo ukikata, mawimbi hayatulii papo hapo. Wimbi hukuzwa na kasi ya upepo, muda unaovuma, na umbali wa maji unaopitia. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670, upana takriban 50 tu. Ndiyo maana upepo wa kiangazi unaotoka kusini, ukifuata urefu wa ziwa, hujenga mawimbi makubwa kuliko upepo wa nguvu hiyohiyo unaolikata ziwa.

Ili kutabiri mawimbi hayo, wataalamu hugawa ziwa kwenye kompyuta katika miraba midogo, wakakokotoa nguvu ya mawimbi katika kila mraba. Taabu ni dhoruba ya radi. Upepo hugeuka ndani ya dakika chache, na hesabu inayotegemea wastani wa saa nzima haiuoni. Mawimbi ya awali na mapya hugongana, mtumbwi ukapinduka. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Lakini ukiona wingu jeusi la radi, rudi nchi kavu hata kama ulitabiriwa utulivu.