Begi la Safari: Mavazi ya Mwanamke Anayetoka Isiolo Kwenda Nchi za Nje

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya akina mama na wasichana wanaojiandaa kusafiri, wengi wao kwa kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, wengine kwa mikutano na matembezi. Tumeyafupisha kidogo ili yatoshe ukurasa.

 

Nilipoambiwa nizungumze kuhusu mavazi, mwenzangu mmoja ofisini alicheka. Akaniuliza kama serikali ya kaunti sasa imeanza kuwapangia wanawake nguo. Hapana. Hakuna mtu hapa aliyetumwa kumwambia mwanamke wa Kinna au wa Ngaremara avae nini. Lakini kila mara dada zetu wanapoondoka, maswali yanayofika mezani kwangu baada ya yale ya pasipoti na ya wakala ni ya begi. Nibebe nini? Nikivaa hiki nitakamatwa? Nikikosa kile nitaaibika? Haya ni maswali ya watu wazima, na yanastahili majibu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Safari yangu ya kwanza nje ya nchi ilikuwa Addis Ababa, mwezi wa Julai. Nilijiambia, Ethiopia si mbali, ukifuata barabara hii yetu takriban kilomita 500 uko Moyale, ukivuka mpaka umeshaingia. Nilidhani jua la Isiolo litanisindikiza mpaka huko. Nikabeba madera matatu mepesi na sandali za wazi. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na Julai ni msimu wa mvua yao. Siku ya kwanza nilikaa mkutanoni nikitetemeka hadi sikusikia mzungumzaji alisema nini. Jioni mlinzi wa mlangoni, mzee mmoja mpole, alinionea huruma akanipa gabi yake, lile shuka zito la pamba wanalojifunika. Niliandika ripoti yangu nikiwa nimejiviringisha ndani yake kama mtoto mchanga.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza sheria inasema nini, uliza hali ya hewa ikoje. Anayekwenda New York mwezi wa Machi kwa ule mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu hali ya wanawake, ajue huenda akakuta theluji. Abebe koti zito, soksi, na viatu vilivyofunika mguu. Na wala si lazima ununue dukani Nairobi kwa bei ya kuuza mbuzi wawili. Nenda hapa hapa kwenye mitumba. Makoti mazito ya Ulaya yanafika Isiolo na hakuna anayeyataka, maana nani atavaa koti kwa joto hili? Muuzaji atakupunguzia bei kwa furaha.

Wanaokwenda Ghuba wanafanya kosa la upande wa pili. Ni kweli, Riyadh au Kuwait wakati wa kiangazi joto linapita digrii 45. Lakini wewe hutafanya kazi jangwani. Utakuwa ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba kuna kiyoyozi mchana kutwa na usiku kucha. Binamu yangu aliyekaa huko miaka miwili aliniambia kitu alichokikosa kuliko vyote ni sweta. Beba sweta. Beba soksi. Nguo za ndani zichague za pamba, nyingi za kutosha, kwa sababu huenda ikapita miezi kabla hujapelekwa dukani.

Sasa tuje kwenye abaya, kwani najua ndilo linalosubiriwa.

Saudi Arabia imebadilika. Mwaka 2018 Mwanamfalme Mohammed bin Salman alisema katika mahojiano na televisheni ya Marekani kwamba sheria inataka mavazi ya heshima, lakini haitaji abaya wala rangi nyeusi. Mwaka 2019 nchi hiyo ilipofungua milango kwa watalii, wanawake wa kigeni waliambiwa hawalazimiki kuvaa abaya, mradi wajisitiri. Huyo ni mtalii, ambaye ana tiketi ya kurudi na anakaa hotelini. Wewe unakwenda kuishi ndani ya nyumba ya mtu, na desturi ya nyumba mara nyingi ina nguvu kuliko tangazo la serikali. Ushauri wangu ni ubebe abaya mbili za kitambaa chepesi na mitandio mitatu. Ukifika ukakuta wenyewe hawajali, hujapoteza kitu.

Kuna mama mmoja, mkristo, aliyenijia akinong'ona. Aliniuliza, mwanangu, binti yangu akivaa ule mtandio, si atakuwa amesilimu? Nilimjibu kwamba kitambaa hakimsilimishi mtu. Mtu husilimu kwa kutamka shahada akiwa na nia. Dada zetu Waturkana na Wasamburu na Wameru waliokwenda huko wamejifunika kichwa mchana na kusali sala zao usiku, wakarudi jinsi walivyoondoka. Na kwa upande wa pili, wewe uliyelelewa na hijabu usidhani kwamba kwa kuwa unajua kujisitiri basi umeshaijua nchi. Namna ya Isiolo, dera la maua na leso begani, si namna ya kule. Nguo ya rangi kali inayopendeza hapa Bulla Pesa siku ya harusi inaweza kukufanya utazamwe mno sokoni Jeddah.

Nguo za kazi mara nyingi huletwa na mwajiri. Ni sare, gauni refu au suruali na shati pana. Ivae bila kinyongo, lakini uulize kabla ya kusaini mkataba: je, sare analipa nani? Isije ikakatwa kwenye mshahara wako wa kwanza. Soma hapo, au usomewe na mtu unayemwamini ambaye si wakala.

Na hapa nataka nikae kidogo, mniwie radhi. Yule binamu yangu alipofika, begi lake lilichukuliwa na mwenye nyumba "likawekwe salama". Pasipoti ilikuwa humo. Simu ilikuwa humo. Alibaki na nguo aliyovaa. Kilichomsaidia ni jambo ambalo shangazi yetu alilifanya kabla hajaondoka, na sote tulimcheka. Alimshonea mfuko ndani ya sketi yake ya chini, kama kibindo cha bibi zetu, akatia humo nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba na pesa kidogo. Na kwenye pindo la dera lake, kwa upande wa ndani, aliandika kwa kalamu isiyofutika nambari mbili za simu za nyumbani na ya ubalozi wa Kenya. Ilimchukua miezi minne kupata simu ya kupiga, lakini alipoipata, nambari alikuwa nazo.

Kenya ina ubalozi Riyadh, Abu Dhabi, Doha, Muscat na Kuwait. Tafuta nambari ya nchi unayokwenda kabla hujapanda ndege, na uiandike mahali ambapo hakuna mtu atakayekunyang'anya bila kukuvua nguo. Hakikisha pia wakala wako amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hilo si la mavazi, najua, lakini siwezi kusimama hapa nikazungumzia mitandio peke yake.

Kwa sababu wapo watakaosema, dada, ukijisitiri vizuri hutasumbuliwa. Sikubaliani nao. Wale waliofanyiwa dhuluma katika nyumba za watu walikuwa wamejifunika toka utosini hadi kisiginoni. Hata hapa kwetu, mnakumbuka Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo mbele ya watu kwenye stendi ya matatu Nairobi, wakisema sketi yake ni fupi. Wanawake waliandamana tarehe 17 mwezi huo, na kabla mwaka kwisha sheria yetu ya adhabu ikaongezwa kifungu dhidi ya wanaowavua watu nguo. Kosa ni la mkono uliovua. Mavazi ninayowashauri leo yatawapunguzia maneno ya barabarani na maswali ya askari, basi. Ukiguswa, usianze kujikagua ulivaa nini. Tafuta namna ya kutoka na kuripoti.

Sheria za mavazi zinabadilika, na mwanamke msafiri anafaa kujua zilipofika. Sudan, mwaka 2009, mwandishi wa habari Lubna al-Hussein alikamatwa katika mkahawa Khartoum kwa kuvaa suruali. Suruali! Alikataa kulipa faini akapelekwa gerezani, na chama cha waandishi kikamlipia akatoka siku iliyofuata. Mimi nilijifunza habari yake chuoni, na sijamsahau. Sheria ile ya utulivu wa umma ilifutwa Novemba 2019. Majirani zetu Uganda walikuwa na sheria ya 2014 ambayo watu waliiita ya sketi fupi, mahakama yao ya katiba ikaitupa Agosti 2021. Iran bado inawataka wanawake wote kwa sheria kufunika nywele, wageni pia.

Kisha kuna nchi ambazo sheria inakwenda kinyume. Wale wanaovaa nikabu, sikilizeni hapa. Ufaransa, tangu Aprili 2011, kufunika uso hadharani ni kosa, na faini inafika yuro 150. Ubelgiji, Austria na Denmark zina sheria kama hiyo, na Uswisi imeanza Januari 2025. Hijabu ya kawaida, inayoacha uso wazi, haikatazwi barabarani. Kwenye kaunta ya uhamiaji, nchi yoyote, utatakiwa uonyeshe uso ulingane na picha ya pasipoti. Unaweza kuomba kwa adabu afisa wa kike na chumba cha pembeni. Kuomba si kosa.

Kwa wanaokwenda kutembea, ni mepesi zaidi. Mji Mkongwe Unguja, funika mabega na magoti. Msikiti mkuu wa Sheikh Zayed, Abu Dhabi, na ule wa Sultan Qaboos, Muscat, vyote vinapokea wageni wasio Waislamu, ila mwanamke afunike nywele, mikono na miguu. Kanisa la Mtakatifu Petro huko Vatican hukuti ruhusa ya kuingia na mabega wazi, na wanaume wenye kaptura wanarudishwa vilevile. Makanisa ya Kiorthodoksi ya Ethiopia utavua viatu, na wanawake hujitanda shuka jeupe. Leso moja safi kwenye mkoba inakutoa katika yote hayo. Leso ni shuka, ni mtandio, ni taulo, ni blanketi la ndege. Mzungu hajatengeneza vazi la safari linaloishinda.

Uwanja wa ndege nao una yake. Hina na piko tunazipenda, lakini kama unakwenda kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya viza, acha ncha za vidole. Waombaji wa viza ya Uingereza huambiwa wafike na vidole visivyo na mapambo, na mashine ikishindwa kusoma utarudishwa kuanza upya. Shanga zetu zenye chuma ndani zitaipigisha kelele mashine ya ukaguzi. Wale mama wa Oldonyiro ambao shanga za shingoni hawazivui, waombe kukaguliwa kwa mkono na mwanamke. Na kuweni waangalifu sana na mapambo ya asili. Pembe ya ndovu, bangili ya nywele za mkia wa ndovu au twiga, kipande cha ngozi ya mnyama wa porini, hata kama ulirithi kwa nyanya yako, usikipakie. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haimuulizi mtu alikipata kwa nani. Shanga za kawaida vaeni kwa fahari. Nimeziona zikisimamisha mkutano mzima.

Mifuko ya plastiki ya kufungia nguo iacheni nyumbani, Rwanda wameikataza tangu 2008 na Tanzania tangu Juni 2019. Nguo za rangi rangi za kijeshi, za msituni, zisiingie begini kabisa. Jamaica na Barbados ni kosa kwa raia kuzivaa, na hapa kwetu pia ni kujitafutia taabu. Na ndani ya mkoba wa mkononi weka nguo za siku mbili, kwani begi kubwa linaweza kwenda nchi nyingine na wewe nyingine.

Nimeona mkono umeinuliwa kule nyuma tangu nilipotaja sare na mshahara. Mama, simama tu hapo ulipo, sauti yako itatufikia. Wakala amekwambia nini?