Simu Gizani: Ilichoona na Ilichokisia

Mhadhara wa umma, Ruaha, Wilaya ya Kilosa



Nimeombwa nizungumzie kamera za simu, nami nimechagua zile saa ambazo kamera hizo huelemewa. Hapa kwetu saa hizo ni nyingi. Tuko karibu na Ikweta, kama nyuzi 7 na nusu kusini yake, na jua letu halina machweo marefu. Likishatua, baada ya dakika 20 na kitu huwezi tena kusoma gazeti uani. London mwezi Juni, mwanga wa namna hiyo hudumu takriban mara mbili ya wetu. Na usiku wetu una shughuli zake. Msimu wa kusaga miwa ukifika, kiwanda cha Ruembe hakilali. Malori ya Mikumi na Ifakara hayalali. Sendofu na ngoma hunoga baada ya saa tatu. Na tembo, wenyeji wa hifadhi za Mikumi na Udzungwa kabla yetu, huingia mashambani wakati mwenye shamba amekwisha kulala.

Hoja yangu ni moja. Mchana simu hurekodi karibu kila kilicho mbele yake. Gizani hurekodi kidogo, kisha hukisia kilichobaki. Bibi harusi hapotezi kitu kwa makisio hayo, na pengine hufaidika. Mkulima anayetaka kuthibitisha kwamba ni tembo aliyekula mahindi yake anaweza kuponzwa nayo. Inatupasa tuzijue picha hizi mbili, ya harusi na ya ushahidi, kwa sababu kitufe kinachozipiga ni kimoja.

Nianze na mwanga wenyewe. Wataalamu huupima kwa luksi. Jua la utosi hapa kwetu hufikia luksi 100,000 hivi. Sebule yenye taa nzuri ya umeme ina luksi 50 hadi 100. Mshumaa ulio mita moja kutoka usoni mwako hutoa luksi moja. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata theluthi ya luksi. Jicho la binadamu huhimili safari hiyo yote, ingawa nalo hupoteza rangi gizani. Kamera hupata taabu mapema zaidi, na sababu kubwa ni udogo wa kihisi chake, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Kihisi cha kamera kubwa za wapiga picha wa kulipwa kina milimita 36 kwa 24. Kihisi cha simu nyingi za bei nafuu ni kama milimita 5 kwa 4. Kwa eneo, hicho kikubwa kinaingiza hivi vidogo zaidi ya 40. Mvua ikinyesha kidogo, sinia na kizibo cha soda hupata rasharasha ileile, lakini maji ya kunywa utayapata kwenye sinia.

Mwanga nao hufika kwa matone, yanayoitwa fotoni, na hayafiki kwa mpangilio. Pikseli ikipokea fotoni 10,000, idadi hiyo hupanda na kushuka kwa 100 hivi, ambayo ni asilimia 1, wala jicho halioni. Ikipokea fotoni 100, hupanda na kushuka kwa 10, yaani asilimia 10, na hapo ndipo zinapotokea zile chembechembe zinazowasha picha nzima kama upele. Hakuna kiwanda kitakachozifuta kabisa. Zimo ndani ya mwanga wenyewe.

Ndiyo maana nawasihi msinunue simu kwa kuhesabu megapikseli. Kihisi kilekile kikigawanywa kwa pikseli nyingi zaidi, kila pikseli hupata mwanga pungufu. Watengenezaji wanalijua hilo: simu yenye kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12 na nusu. Muulize muuzaji ukubwa wa kihisi na upana wa tundu la lenzi. Akishindwa kujibu, piga picha chini ya meza ya duka lake, penye kiza, kwa simu mbili tofauti, uzilinganishe.

Sasa fokasi, ambayo hulalamikiwa kuliko kitu kingine. Ndani ya kamera ya simu lenzi husogezwa na koili ndogo iliyo kwenye sumaku, kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Njia ya zamani ya kutafuta fokasi ni kusogeza lenzi mbele na nyuma huku programu ikitazama ni wapi kingo za vitu zinakuwa kali zaidi. Gizani kingo hupotea ndani ya chembechembe, na programu haiwezi kutofautisha ukingo wa sikio na takataka za mwanga hafifu. Ndiyo sababu unaona picha inajaa ukungu, inakaza, inajaa ukungu tena, na tukio limekwisha. Njia ya pili hulinganisha mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na uliopita upande wa pili. Picha hizo mbili zikipishana, simu inajua lenzi isogee wapi na kwa kiasi gani. Samsung waliiweka njia hii kwenye Galaxy S5 mwaka 2014, na mwaka 2016, katika Galaxy S7, kila pikseli ya kihisi iligawanywa mara mbili kwa kazi hiyo. Ni ya haraka, lakini nayo inahitaji mwanga. Njia ya tatu haitegemei mwanga uliopo: simu hurusha mwali wa infraredi na kupima muda wa kurudi kwake. LG G3 ilikuja na leza ya namna hiyo mwaka 2014, na iPhone 12 Pro ikaja na kipimo chake cha umbali mwaka 2020. Inafaa kwa uso ulio mezani kwako. Kwa mnyama aliye ng'ambo ya shamba haina msaada.

Kwa kitu kilicho mbali, dawa ni rahisi na haina gharama. Lenzi za simu ni fupi mno kiasi kwamba, ukiweka fokasi ya mbali kabisa, karibu kila kilicho mita 10 na kuendelea hutoka vizuri. Simu yenye mpangilio wa mkono ina alama ya mlima kwa ajili hiyo. Isiyo nao, gusa taa iliyo mbali kwenye kioo, shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, kisha geuza simu kwenye unachokitaka. Na kabla ya yote futa lenzi. Msimu wa kuchoma miwa masizi meusi hutua juu ya kila kitu, na kidole chenye mafuta kikiyapaka kwenye lenzi, kila taa huota ndevu na kingo ambazo fokasi inazitafuta hufifia.

Kuhusu hali ya usiku, niseme wazi kwamba naiheshimu sana kazi hiyo. Badala ya kufungua mlango wa mwanga mara moja kwa muda mrefu, jambo ambalo mkono wa binadamu hauwezi kulihimili, simu hupiga fremu nyingi fupi, huzipanga zilingane, kisha huzijumlisha. Fremu 9 zikijumlishwa, chembechembe hupungua mara tatu. Google walipoitoa hali yao ya usiku, Night Sight, mwaka 2018, kazi ya timu ya Marc Levoy, simu iliyoshikwa mkononi ilikusanya hadi fremu 15, na iliyosimamishwa imara ilipiga fremu 6 za sekunde moja moja. Huawei walikuwa wametangulia mwaka huohuo kwa P20 Pro. Mpaka hapo hakuna uongo wowote: mwanga wote unaojumlishwa ulifika kweli kwenye kihisi. Egemeza simu ukutani au juu ya gunia, na hesabu hiyo itakupa picha ambayo miaka 20 iliyopita ilihitaji mguu wa kamera.

Tatizo huanza hatua inayofuata, pale programu inaposafisha kilichobaki. Penye chembechembe huweka ulaini. Penye mashaka huweka kile ilichofundishwa kwamba kwa kawaida huwa pale. Machi 2023 kulizuka mjadala mkubwa kuhusu picha za mwezi za simu za Samsung: mtu alipiga kwa simu picha ya mwezi iliyofifishwa kwa makusudi kwenye kompyuta, na simu ikamrudishia mwezi wenye makovu ambayo hayakuwemo. Kampuni ilieleza kwamba programu hutambua mwezi na kuuongezea undani. Mwezi hauna kesi mahakamani. Sisi tunazo.

Inafaa hapa nizungumzie uso mweusi, maana ndio uso wa ukumbi huu. Ngozi nyeusi hurudisha fotoni chache kuliko nyeupe; hiyo ni fizikia na haina ubaguzi. Ila kamera hujipimia mwanga kwa kudhani kwamba kila tukio, kwa wastani, lina weupe wa kadiri fulani. Bibi harusi mweusi ndani ya shela jeupe huivuruga dhana hiyo: kamera huliona shela, hupunguza mwanga, na uso unazama. Kisha usafishaji unakuja juu ya uso ambao tayari una chembechembe nyingi, unafuta vinyweleo, makunyanzi na chale, na kumwacha mtu kama amechongwa kwa plastiki. Haya ni maamuzi ya watu. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba programu za kampuni kubwa za kutambua jinsia kwa sura zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, na asilimia 0.8 tu kwa wanaume weupe. Fokasi ya simu za leo hutafuta uso kwanza, kwa hiyo programu isiyozijua nyuso zetu vizuri hupoteza na fokasi pia. Tecno, ambao simu zao zimejaa kila soko la hapa, walipata wateja wengi kwa kuzirekebisha kamera zao kwa ngozi za Waafrika, na Google wakaja na marekebisho ya aina hiyo mwaka 2021. Inawezekana, basi. Nyumbani fanya hivi: gusa uso wa mtu kwenye kioo, si nguo, kisha ongeza mwanga kwa kidole, na mgeuze mtu aielekee taa.

Nirudi shambani. Mwaka 2011 serikali yetu ilitunga kanuni za kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Mkulima akisikia miwa inavunjika saa nane usiku, siku hizi hutoka na simu. Flashi itamsaidia nini? Nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: mita 30 kutoka kwako, mnyama hupata sehemu moja ya 900 ya mwanga anaoupata mtu aliye mita moja. Picha itatoka na majani meupe ya mbele na nyuma yake weusi mtupu. Ili flashi imfikie tembo itabidi umsogelee mpaka pale ambapo hutarudi. Nawaomba kwa dhati, vijana hasa: msimfuate tembo kwa tochi ya simu.

Ushahidi wenu unapatikana alfajiri. Jua likiwa chini, mwanga wa ubavuni hujaza kivuli ndani ya wayo, na kivuli hicho ndicho kinachotoa kingo ambazo fokasi inazitaka. Laza rula au kiberiti kando ya wayo, simama wima juu yake, upige. Kisha piga kutoka mbali, ili shamba na alama ya mpaka vionekane. Zungushia kamba wayo wa mbele, uipime: mzunguko huo mara mbili ni takriban kimo cha tembo begani. Acha vichujio vya urembo. Picha usiitume kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu hubanwa na kupoteza taarifa za saa na mahali. Itume kama dokumenti, na ile ya awali ibaki kwenye simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki, na inamtaka anayeupima aangalie uaminifu wa namna ulivyotengenezwa na kutunzwa. Wakili makini atauliza ni sehemu gani ya picha ya usiku iliyotoka shambani na ni ipi iliyotoka kwenye programu.

Wanasayansi wametufundisha uangalifu huo hapa jirani. Mwaka 2005 Francesco Rovero aliweka kamera za kujipiga zenyewe katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, ambako hata mchana chini ya miti kuna kiza. Zikapiga sange mwenye uso wa kijivu ambaye hakufanana na anayejulikana yeyote. Hakutangaza aina mpya kwa picha hiyo. Mwaka 2006 yeye na mwenzake Galen Rathbun waliongoza safari ya kumtafuta mnyama mwenyewe, wakampima, uzito wake kama gramu 700, na maelezo yalichapishwa mwaka 2008 kwa jina la Rhynchocyon udzungwensis. Picha ilizaa swali, na jibu likatafutwa msituni.

Pendekezo langu kwa vyuo vyetu, Sokoine hapo Morogoro, Dar es Salaam, Mbeya na Nelson Mandela Arusha, ni kuanzisha hazina ya picha za usiku wa Tanzania: nyuso zetu za rangi zote kwa taa ya sola, kwa kibatari, kwa mbalamwezi, kwa moto wa miwa, na kila tukio lipigwe tena kwa mwanga wa kutosha ili kionekane kile ambacho programu imekiongeza au kukifuta. Faili ghafi za kihisi zihifadhiwe pamoja na picha iliyokwisha kusafishwa. Kwa kuwa sura ya mtu ni taarifa binafsi chini ya sheria ya kulinda taarifa hizo ya mwaka 2022, kila anayepigwa atoe idhini kwa maandishi na awe na haki ya kuiondoa. Kampuni inayotaka kuuza simu hapa ipewe vipimo hivyo, na matokeo yachapishwe kwa Kiswahili, yabandikwe hata kwenye ofisi ya kata, ili mama anayekwenda Mikumi kununua simu ya laki mbili ajue mapema ni ipi itakayomwona mwanawe kwenye mwanga wa taa moja.