Mbolea ya Ruzuku: Jiandikishe Kabla ya Mvua

(Mazungumzo ya Bwana Shamba kwa wakulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania)



Leo sikuja kuwafundisha kushika jembe. Kulima mwajua, na wengi wenu mlianza kabla sijazaliwa. Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya kazi ndogo inayofanywa kwa kalamu. Kazi hii haitoi jasho, tena yaweza kumalizika asubuhi moja. Walakini isipofanywa kwa wakati wake, kazi yote ya jembe itapungua faida. Kazi yenyewe ni kujiandikisha katika daftari la kijiji ili mpate mbolea ya ruzuku.

RUZUKU NI NINI?

Ruzuku si zawadi, wala si mkopo. Maana yake ni kwamba Serikali inalipa sehemu ya bei ya mbolea, na mkulima analipa sehemu iliyobaki. Fedha ya Serikali haipiti mkononi mwako. Wewe unanunua mfuko kwa bei iliyopunguzwa, na Serikali inamlipa mwenye mbolea tofauti iliyopo.

Msaada wa namna hii si mgeni kwetu. Toka mwaka 2008 kulikuwako mpango wa vocha. Mkulima aliyechaguliwa alipata vocha za mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia, mfuko mmoja wa mbolea ya kukuzia, na mbegu ya mahindi kilo 10, yaani vitu vya kutosha ekari moja. Mpango ule ulikwisha. Kisha katika mwaka 2021 na 2022 bei ya mbolea ilipanda sana duniani, maana gesi inayotumika kutengeneza mbolea ilikuwa ghali, na vita vya Ukraine viliongeza taabu hiyo. Hapa kwetu mfuko wa kilo 50 wa DAP au wa Urea ulifika zaidi ya shilingi 120,000. Ndipo Serikali ilipotenga shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/2023, na mpango mpya ukazinduliwa Mbeya siku ya Nanenane, tarehe 8 Agosti 2022. Mfuko wa DAP au wa Urea ukauzwa karibu shilingi 70,000. Mpango huo uliendelea katika misimu iliyofuata, na bei ya ruzuku hutangazwa msimu kwa msimu.

Hebu tufanye hesabu kwa bei za msimu ule wa kwanza. Ekari moja ya mahindi yataka mfuko mmoja wa kupandia na mfuko mmoja wa kukuzia. Bila ruzuku, mifuko miwili ni zaidi ya shilingi 240,000. Kwa ruzuku ni shilingi 140,000. Basi aliyejiandikisha alibakiwa na zaidi ya shilingi 100,000 kwa kila ekari. Hiyo ni karo, ni dawa, ni bati za nyumba. Asiyejiandikisha alikuwa na njia mbili tu: kulipa bei yote, au kupanda bila mbolea.

KWA NINI KUNA SIKU YA MWISHO?

Wengine hunung'unika na kusema, "Kwa nini Serikali inatuwekea siku ya mwisho? Mkulima ni mkulima siku zote." Neno hilo lina haki yake, lakini sikilizeni sababu.

Sehemu kubwa ya mbolea tunayotumia hutoka ng'ambo. Huletwa kwa meli mpaka bandari ya Dar es Salaam, ikapakuliwa, ikasafirishwa kwa magari na kwa gari moshi. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya ni zaidi ya kilometa 800, na kutoka Mbeya mjini mpaka kijijini kwako iko safari nyingine. Anayeagiza mbolea hapana budi ajue ni mifuko mingapi inayotakiwa, na wapi. Hesabu hiyo hutoka katika daftari la kijiji. Kama jina lako halimo, mfuko wako hauhesabiwi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa mali ni yako mwenyewe.

Tena kumbukeni kwamba siku za mwisho ni mbili. Ya kwanza ni ile inayotangazwa na Serikali. Hiyo ikipita, pengine huongezwa, pengine haiongezwi. Ya pili ni siku ya mvua ya kwanza ya kupandia. Hiyo haiongezwi na mtu ye yote. Kwa sababu hiyo usihesabu siku zako kwa tangazo tu. Hesabu kwa mvua, kisha urudi nyuma, hivi:

Mvua zetu za kupandia huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba. Basi mbolea ya kupandia iwe nyumbani mwako mwezi wa Oktoba. Ili uinunue Oktoba, fedha iwe imewekwa kando tangu Julai na Agosti, wakati wa kuuza mavuno. Na jina lako liwe limekwisha andikwa au kuhakikishwa katika miezi hiyo hiyo ya Julai na Agosti. Ukifuata kalenda hii, tangazo la siku ya mwisho halitakutia hofu, maana litakukuta umekwisha maliza.

NAMNA YA KUJIANDIKISHA

1. Nenda ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa. Nenda mwenyewe. Usimtume mtu asiyejua shamba lako.

2. Chukua kitambulisho chako cha taifa na namba ya simu unayotumia. Kama kitambulisho hujapata, au simu huna, usikae nyumbani kwa haya. Mwambie Mtendaji mapema, akuelekeze la kufanya wakati siku zingali nyingi.

3. Taja mazao unayolima na ekari zako kwa kweli. Kama hujui ekari zako, pima kabla ya kwenda. Ekari moja ni hatua ndefu 70 kwa hatua 70. Usiandikishe ekari tano na hali unalima mbili. Mifuko hugawanywa kwa kuangalia ekari, na mifuko unayojiongezea kwa uongo inatoka katika fungu la jirani yako. Wala usipunguze ekari kwa kuogopa kodi, maana utapata mbolea ya nusu ya shamba.

4. Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa na lilivyo katika kitambulisho, na namba ya simu isomwe mbele yako tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa, ujumbe wako utakwenda kwa mtu mwingine.

5. Kama ulijiandikisha miaka iliyopita, usiseme, "Mimi nimo." Kila msimu wakulima hutakiwa kuhuisha taarifa zao. Labda umebadili simu, umeongeza shamba, au umeacha zao moja na kushika jingine. Nenda ukahakikishe.

Hapa nina maneno kwa mama zetu. Mama unayelima shamba lako, jiandikishe kwa jina lako. Na mama uliyefiwa na mume, usingoje mbolea kwa jina la marehemu. Jina hilo halitapokea ujumbe wala halitakwenda dukani. Nenda kwa Mtendaji, mwambie habari zilivyo, uandikwe wewe unayeshika jembe. Nanyi shemeji na wakwe, msaidieni, msimzuie. Watoto wanaokula mahindi ya shamba hilo ni wa ukoo wenu.

Na wanaokodi mashamba nao wasikilize. Shamba moja lisiandikwe mara mbili, mara na mwenyewe na mara na mpangaji. Kubalianeni mbele ya Mtendaji kabla ya kuandika, ili msije mkagombana wakati wa mvua.

NAMBA YAKO NI MALI YAKO

Ukiisha kuandikwa, utapewa namba ya mkulima. Kwa namba hiyo wakala wa mbolea hukujua, huona mifuko unayostahili, na huandika mifuko uliyochukua. Kwa hiyo namba hiyo ni kama ufunguo wa ghala. Je, utampa mpita njia ufunguo wa ghala lako? Hasha!

Wakati wa vocha wako wakulima waliotia sahihi vocha zao wakamwachia mwuzaji kwa fedha kidogo ya siku moja. Daftari lilionyesha kwamba wamepata mbolea, lakini mashamba yao yalikuwa na mahindi ya njano. Mtu akikwambia, "Nipe namba yako, nitakupa shilingi elfu kumi," jua kwamba anakula faida yako. Mifuko ikiisha kuandikwa kwa namba yako, huwezi kuidai tena.

Unapokwenda kwa wakala, fanya haya: uliza kwanza bei ya ruzuku iliyotangazwa kwa mahali pako, tazama mfuko umeshonwa vizuri na haukufunguliwa, dai stakabadhi, na usome ujumbe wa simu kabla ya kuondoka, uone idadi ya mifuko ni ile ile uliyopakia. Likitokea kosa, mwambie Mtendaji au Bwana Shamba siku ile ile.

Tena usiende siku za mwisho. Katika msimu wa 2022/2023 wakulima wengi walisimama katika foleni ndefu kwa mawakala, na wengine walisafiri mbali kutoka vijijini. Aliyekwenda mapema alirudi nyumbani mapema. Na walio kijiji kimoja yafaa waungane, wakodi gari moja, wagawane nauli.

FEDHA YA MFUKO

Ruzuku hupunguza bei, haiiondoi. Kila mwaka wako watu wenye jina katika daftari na namba katika simu, lakini siku ya kununua hawana fedha. Dawa yake ni hii. Siku unapouza mahindi yako, kabla hujanunua kitu kingine, tenga fedha ya mifuko miwili kwa kila ekari. Iweke katika chama chenu cha ushirika, katika benki au katika simu, mahali ambapo haitoki kwa urahisi. Kama huwezi kununua mifuko yote mara moja, nunua ya kupandia kwanza, kisha ya kukuzia.

MBOLEA IKIFIKA SHAMBANI

Haifai kuhangaika na foleni kisha kutupa mbolea ovyo. Panda mistari ya sentimeta 75, na shimo hata shimo sentimeta 60, mbegu mbili kwa shimo. Kwa nafasi hii ekari ina mashimo karibu 9,000. Mfuko mmoja wa DAP watosha kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo. Tia mbolea, ifunike kwa udongo kidogo, ndipo utie mbegu. Mbegu ikigusa mbolea huungua.

Mahindi yakifika magotini, palilia kwanza, maana magugu nayo hupenda mbolea. Kisha tia Urea, kizibo kimoja kwa kila shimo, mbali kidogo na shina, udongo ukiwa na unyevu, na uifukie. Urea ikiachwa juu ya udongo juani, nguvu yake hupotea hewani. Na ukiitia mahindi yamekwisha toa mbelewele, umechelewa. Fedha yako imekwenda bure.

WAKULIMA WAWILI

Tuchukue mfano wa jirani wawili, kila mmoja ana ekari mbili, na udongo wao ni mmoja. Wa kwanza alikwenda kwa Mtendaji mwezi wa Julai, akatenga fedha Agosti, akachukua mifuko minne Oktoba. Mvua ya kwanza ilimkuta na mbolea chini ya dari. Wa pili alisema, "Siku zingali nyingi." Alipokwenda, daftari lilikuwa limefungwa. Alipanda bila mbolea, akitumaini kununua ya kukuzia baadaye kwa bei yote, lakini fedha haikupatikana. Mwezi wa Februari, wakati ghala limeanza kuonyesha sakafu, huyu wa pili alikwenda kufanya kibarua katika shamba la yule wa kwanza, na shamba lake mwenyewe likabaki na magugu. Ndivyo umaskini unavyoingia nyumbani: hauji kwa siku moja, huja kwa kuahirisha.

MANENO YA MWISHO

Ndugu mkulima, ukifika nyumbani leo, fanya mambo matatu. Tafuta kitambulisho chako na ukiweke mahali pamoja. Pima shamba lako kwa hatua. Na kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, nenda kwa Mtendaji ukaangalie jina lako. Kisha mpitie jirani aliye mgonjwa, mzee asiyesoma, na mjane aliye peke yake, ukawaambie habari hizi, kwa kuwa hawakuweza kufika hapa.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tangazo la Serikali laweza kuongezwa siku, lakini mvua haina ofisi ya kupeleka maombi. Jiandikisheni mapema, nunueni mapema, pandeni na mvua ya kwanza. Nawatakia mavuno mema.