Kibao cha Duka Kinamwambia Mtoto Nini?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo)

  

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala juu ya choo bora. Tutazungumza juu ya vitu vya kuchezea watoto. Najua wengine mtacheka. Mtasema, "Afisa ametoka wilayani kuja kutuambia habari za midoli?" Chekeni tu, lakini mnisikilize mpaka mwisho. Habari hii inamhusu kila mtu anayejua kusoma.

Ninyi mmejifunza kusoma. Sasa mkipita barabarani mnaona kibao mnasoma: "Zahanati." "Hatari, Umeme." "Usitupe Taka Hapa." Hiyo ni hatua ya kwanza, na ni hatua kubwa. Hatua ya pili ni kuuliza. Kibao hiki kimeandikwa na nani? Kinataka mimi nifanye nini? Kinamfaidia nani? Mtu anayesoma bila kuuliza bado hajamaliza kisomo.

Haya, leo tufanye zoezi. Tuvisome vibao vya maduka ya ng'ambo, halafu turudi hapa kwetu.

MADUKA YA MIDOLI

Huko Uingereza na Marekani kuna maduka makubwa yanayouza vitu vya kuchezea watoto. Mjini London liko duka moja liitwalo Hamleys. Lilianzishwa mwaka 1760, na lina ghorofa kadhaa. Hadi mwaka 2011 duka hilo lilikuwa na ghorofa ya wasichana, yenye vibao vya rangi ya waridi, yaani pinki. Lilikuwa pia na ghorofa ya wavulana, yenye vibao vya buluu.

Si duka hilo peke yake. Maduka mengi ya nchi hizo yalipangwa hivyo. Upande wa wasichana utakuta midoli, vyombo vidogo vya jikoni, pasi, fagio na vipodozi. Upande wa wavulana utakuta magari, ndege, nyundo, vipande vya kujengea na vifaa vya kujaribia sayansi.

Sasa mfikirie mtoto wa kike wa miaka sita. Amejua kusoma juzi tu. Anaingia dukani na mama yake. Anaona boksi lenye vifaa vya sayansi, analipenda. Anainua macho, anasoma kibao: "Wavulana." Hakuna askari aliyemzuia. Hakuna aliyemkemea. Kibao kimetosha. Anarudisha mkono wake.

Mfikirie na mtoto wa kiume. Yeye anapenda kupika kama baba yake, ambaye ni mpishi wa hoteli. Anataka sufuria ndogo na jiko dogo. Anasoma kibao: "Wasichana." Naye anarudisha mkono wake.

Watoto wawili wamejifunza jambo moja siku hiyo. Wamejifunza kwamba kuna kazi ambazo si zao, hata kabla ya kuzijaribu.

JE, NDIVYO ILIVYOKUWA TANGU ZAMANI?

Mtu anaweza kusema, "Hivyo ndivyo Mungu alivyowaumba watoto. Msichana hupenda pinki, mvulana hupenda buluu." Hebu tuangalie.

Mwaka 1918, gazeti moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto huko Marekani liliwashauri wazazi. Lilisema pinki ni rangi ya wavulana, kwa sababu ni rangi yenye nguvu. Buluu, likasema, inawafaa wasichana, kwa sababu ni rangi ya upole. Mnaona, ndugu zangu? Kinyume kabisa cha leo. Kama rangi hizo zingekuwa zimo katika damu ya mtoto, zingebadilishanaje?

Tena kuna mtaalamu wa mambo ya jamii wa Marekani, mama Elizabeth Sweet. Yeye alichunguza vitabu vya matangazo vya duka la Sears, duka lililokuwa likiuza vitu kwa njia ya posta. Aliona kwamba katika kitabu cha mwaka 1975 vitu vya kuchezea vilivyotangazwa waziwazi kuwa vya wavulana, au vya wasichana, havikufika hata viwili katika kila vitu 100. Baada ya hapo mambo yakabadilika, vitu vikazidi kutengwa.

Kwa hiyo vibao hivi havikushuka na mvua. Viliandikwa na watu, na wakati mwingine vimeandikwa upya.

NANI ANAPATA FAIDA?

Wafanyabiashara wana hesabu yao. Chukueni mfano wa baiskeli ya mtoto. Mzazi anamnunulia binti yake baiskeli nyekundu. Binti anakua, baiskeli inakuwa ndogo kwake. Mdogo wake wa kiume anairithi. Familia imenunua baiskeli moja kwa watoto wawili.

Lakini baiskeli ikiwa ya pinki, imechorwa maua, na kibao kinasema "Wasichana", mambo ni mengine. Mdogo wake ataikataa. Atasema wenzake watamcheka. Baba ataingiza mkono mfukoni mara ya pili. Hapo mwenye duka ameuza baiskeli mbili.

Mwenye duka hana chuki na mtoto wako. Anatafuta faida yake. Lakini wewe mzazi nawe una faida yako ya kuangalia.

WAZAZI WALIVYOSIMAMA

Wazazi wa huko hawakukaa kimya. Mwaka 2011 duka la Hamleys lililalamikiwa. Mwisho wa mwaka huo vibao vya pinki na buluu viliondolewa. Vikawekwa vibao vinavyotaja aina ya kitu. Wenye duka walisema wamefanya hivyo ili wateja wapate njia kwa urahisi. Vyovyote vile, vibao viliondoka.

Mwaka 2012 wazazi wa Uingereza waliunda kikundi. Jina lake, kwa lugha yetu, ni kama kusema "Vitu vya Kuchezea Viwe vya Kuchezea Tu". Hawakuvunja vioo vya duka. Hawakumtukana mtu. Waliandika. Waliwaandikia wenye maduka wakisema: vipangeni vitu kwa aina. Magari yakae na magari, midoli ikae na midoli, mtoto achague mwenyewe. Mwaka 2013 duka kubwa la Marks & Spencer lilitangaza kwamba halitaendelea kutenga vitu vyake kwa maandishi ya wavulana na wasichana. Maduka mengine nayo yalikubali.

Huko Marekani, mwezi Agosti 1915 haukuwa na habari hizi. Zilikuja Agosti 2015, karne nzima baadaye. Wenye maduka ya Target walitangaza kwamba wataondoa vibao hivyo sehemu ya vitu vya kuchezea. Wakasema wataondoa hata karatasi za pinki na buluu zilizobandikwa nyuma ya shelfu. Wateja wengine walifurahi. Wengine walikasirika, wakasema mila inavunjwa. Ndivyo yalivyo mambo ya jamii, watu hawakubaliani siku moja.

Jimbo la California lilikwenda mbele zaidi. Mwaka 2021 lilitunga sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Sheria hiyo inahusu maduka makubwa yenye wafanyakazi 500 au zaidi katika jimbo hilo. Kila duka la namna hiyo linalouza vitu vya kuchezea ni lazima liwe na sehemu ambayo haikutengwa kwa msichana wala kwa mvulana. Duka halikukatazwa kubaki na sehemu nyingine. Likivunja sheria, faini ya kwanza haizidi dola 250.

Kumbukeni jambo moja. Kazi yote hii ilianza kwa watu waliosoma kibao, wakauliza, wakaandika barua. Kusoma, kuuliza, kuandika. Ninyi nyote mnaweza.

NA SISI JE?

Sasa mtaniuliza, "Afisa, sisi hapa hatuna duka la ghorofa. Vibao hivyo vinatuhusu nini?"

Kwanza, bidhaa zinasafiri. Nendeni gulioni mkaangalie. Mtakuta boksi la pinki lenye picha ya msichana amebeba mdoli. Mtakuta boksi la buluu lenye picha ya mvulana ameshika gari. Kibao kimeshafika, kimechapwa juu ya boksi.

Pili, na hili ndilo kubwa, sisi tuna kibao kingine. Hakikuandikwa kwa rangi. Ni kibao cha mdomo.

Watoto wetu wanajitengenezea vitu vyao. Wanatengeneza gari la waya, magurudumu wanakata kwenye ndala zilizochakaa. Wanatengeneza mdoli wa gunzi, wakauvalisha kitambaa. Mtoto wa kike akishika waya na koleo, tunasema nini? "Wewe, njoo huku! Hayo ni mambo ya wavulana. Kachukue ndoo." Mtoto wa kiume akimbeba mdoli wa gunzi, tunasema nini? "Wewe dume zima, huoni aibu?" Jamani, hicho si kibao? Tena ni kikali kuliko cha London, maana kinatoka kwa baba na mama.

HASARA YAKE

Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Mchezo ndio kazi ya kwanza ya mtoto. Anayetengeneza gari la waya anajifunza kupima, kukunja, kufunga na kurekebisha kinapoharibika. Anayecheza na mdoli anajifunza kubembeleza, kulisha na kusema maneno ya upole. Mafunzo yote mawili ni mazuri. Ubaya ni kumpa mtoto moja na kumnyima jingine.

Fikirini siku pampu ya maji inapoharibika. Nani wanaoteseka kwanza? Ni akina mama na mabinti, wanaokwenda kuchota mbali. Nani wanaojua kushika spana? Mara nyingi si wao. Wanakaa wakimngoja fundi. Mtu anayeihitaji pampu kuliko wote ndiye aliyeambiwa tangu utotoni asiguse chuma.

Fikirini pia siku mama anapolazwa hospitali. Baba amebaki na mtoto mchanga. Mtoto analia. Baba hajui kumshika, hajui kumwogesha, hajui uji wake unakorogwaje. Si kwamba baba hampendi mwanawe. Alipokuwa mdogo akashika mdoli, alichekwa. Akauweka chini, na mafunzo yakaishia hapo.

KWA WANAOSEMA "NI MILA YETU"

Ninawaheshimu wazee wangu wanaosema hivyo. Lakini tuziangalie mila vizuri.

Huko ng'ambo vipande vya kujengea nyumba viliwekwa upande wa wavulana. Je, kwa Wamasai nani kwa desturi hujenga nyumba? Ni mwanamke. Sindano na uzi viliwekwa upande wa wasichana. Je, fundi cherehani anayekaa barazani mwa duka mjini ni nani? Mara nyingi ni mwanamume, na analisha familia yake kwa sindano hiyo. Mchoma chapati kando ya stendi naye mara nyingi ni kijana wa kiume. Na jembe la mkono, kazi ngumu kama ile, limeshikwa na akina mama tangu zamani.

Kwa hiyo hata sisi wenyewe hatukubaliani na vile vibao. Kazi inakwenda na mtu aliyejifunza.

Tena hakuna anayesema mvulana alazimishwe kubeba mdoli, au msichana anyang'anywe mdoli wake. Mtoto wa kike akipenda mdoli, mwacheni acheze. Hata wale wazazi wa Uingereza hawakuomba midoli itupwe. Waliomba kibao kiondolewe. Chakula kibaki mezani, kila mtoto aonje.

TUFANYE NINI?

Naomba mambo matatu, nayo hayahitaji fedha.

La kwanza. Ukienda gulioni kumnunulia mtoto kitu, usianze kuangalia rangi wala picha ya boksi. Jiulize: kitu hiki kitamfundisha nini? Kitadumu? Mdogo wake naye atakitumia?

La pili. Uuchunge ulimi. Mtoto akitengeneza kitu kizuri, msifu kwa kazi yake. Sema, "Gari lako limenyooka." Usiulize kwanza ni wa kike au wa kiume.

La tatu. Zigawe kazi za nyumbani kwa zamu. Leo binti amshike baba taa na spana anapotengeneza baiskeli, kaka akoroge uji. Kesho wabadilishane. Hapo mchezo unageuka kuwa ujuzi.

Ndugu zangu, mmetumia jioni nyingi mkijifunza kusoma. Msikubali kusoma tu kile ambacho wengine wamewaandikia watoto wenu. Kisomeni, mkiulize, na kikiwa kibaya mkiondoe, hata kama kibao chenyewe ni ulimi wenu.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja michezo mitano ya watoto wa kijiji chenu. Ni ipi inayokatazwa wasichana? Ni ipi inayokatazwa wavulana? Nani aliikataza?

2. Kila mchezo uliotajwa unamfundisha mtoto kazi gani?

3. Katika kijiji chenu, ni wanawake wangapi wanaojua kutengeneza pampu au baiskeli? Ni wanaume wangapi wanaojua kumwogesha mtoto mchanga? Hesabuni, kisha andikeni majibu katika madaftari yenu.