Karakana ya Wachongaji Nayo ni Shule



Mtu apitaye Mwenge, jijini Dar es Salaam, kuelekea kwenye mabanda ya wachongaji, huisikia milio ya tezo kabla ya kuwaona watu wenyewe. Mgeni atokaye ng'ambo husimama hapo, akanunua kinyago, akapiga picha, akaenda zake. Mwenyeji mwenye kazi ya ofisini hupita pia, lakini mara nyingi hasimami. Machoni pake hao ni watu waliokosa shule wakaangukia kwenye kuchonga. Fikra hiyo ni masalio ya kasumba ya kikoloni, ile iliyomfundisha msomi kwamba kalamu ni kazi na patasi ni adhabu. Imedumu miaka mingi baada ya bendera ya mkoloni kuteremshwa, na wanaoilipia gharama yake ni vijana.

Yafaa kuanza na gogo lenyewe. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba kipande chake kikitiwa majini huzama. Kwa nje una tabaka la rangi ya njano hafifu, na ndani ndimo kilimo kiini cheusi ambacho ndicho mali. Ni nadra mpingo kukua ukanyooka. Mingi hupinda, ina mafundo na nyufa, na mara nyingine katikati mna tundu lililoachwa na moto wa porini au na kuoza. Basi fundi hulizungusha gogo, akaligonga, akalitazama kwa muda ambao mpita njia angedhani ni wa uvivu. Hana mchoro wa karatasi. Penye ufa, yeye huona nafasi kati ya mkono na ubavu. Penye fundo, huona goti. Akishaamua, huanza kuondoa ile sehemu ya nje kwa tezo, na kutoka hapo hakuna kufuta. Aliyekosea kwa penseli hugeuza ukurasa, bali aliyekosea juu ya mpingo amepoteza mti uliokua tangu kabla baba yake hajazaliwa.

Kijana anayeingia karakana hapewi tezo. Hupewa msasa. Kutwa nzima husugua kazi za wenzake, na katika kusugua huko vidole vyake hujifunza mwelekeo wa nyuzi za mti, mahali panapokubali na mahali panapokataa. Baadaye hupewa tupa, kisha vipande vidogo vya kutengeneza vijiko na vitana, kisha patasi. Uso wa sanamu, yaani macho, pua na mdomo, huachiwa mzee mpaka siku ile mzee mwenyewe atakaposema, haya, fanya wewe. Mwalimu yeyote aliyepita chuo cha ualimu atatambua hapo mpango wa masomo wenye hatua, mazoezi na mtihani. Kilichokosekana ni cheti tu.

Tena, watu hawa hawakai pamoja kwa sababu ya kivuli peke yake. Gogo zima la mpingo ni ghali kwa mtu mmoja. Wakichanga, hulinunua na kulipasua: mwenye kuchonga sanamu kubwa huchukua shina, na mwenye kuchonga vidogo huchukua mabaki. Jiwe la kunolea huwa la wote. Anayeugua, kazi yake humaliziwa na mwenzake. Pale ambapo umoja huo haupo au umevunjika, fundi hukopa fedha za gogo kwa mnunuzi, na tangu dakika hiyo kinyago si chake tena. Bei hupangwa na aliyemkopesha, kisha kitu hicho hicho huuzwa dukani kwa bei ambayo fundi angeisikia angedhani anataniwa. Hili ndilo jambo ambalo maofisa wa ushirika wangepaswa kulishughulikia kabla ya kuandaa semina nyingine.

Wapo wanaosema kwamba sanaa hii ni urithi wa kale, basi itajilinda yenyewe. Wanaosema hivyo hawajui historia yake. Wamakonde, wa pande zote mbili za mto Ruvuma, tangu zamani walichonga mapiko, vinyago vya kuvaa usoni wakati wa ngoma za jando, na vingi vilikuwa vya mti mwepesi. Mpingo ulishika nafasi katika karne ya 20, biashara ilipokua na wachongaji wengi kutoka Msumbiji walipovuka mto kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa shetani, wenye viumbe vya ajabu visivyofanana na mtu wala mnyama, na mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, akazinunua kazi hizo na kuwatia moyo waliozifanya. Roberto Yakobo Sangwani naye alichonga mshindi wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake. Mtindo huo uliitwa dimongo, maana yake nguvu, na ulipoenea, watu wengi wakishikana na kubebana katika gogo moja, ukajulikana nchini kote kwa jina la ujamaa. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alitoka katika kuchonga akafanya kazi Nyumba ya Sanaa, na picha zake za rangi zikafika katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani.

Mitindo hiyo ilizuliwa na watu waliokaa chini, mmoja akimtazama mwenzake, wakibishana na kushindana. Karakana ikifa, hata kama vinyago vyote vilivyopo vitahifadhiwa katika makumbusho, mtindo mwingine hautazaliwa.

Lakini haitakuwa haki kuwasifu wachongaji na kuficha aibu zao. Banda baada ya banda hujaa tembo yule yule na twiga yule yule. Wako pia wanaochukua mti laini, wakaupaka rangi nyeusi ya viatu na kumwambia mnunuzi kwamba ni mpingo. Huo ni udanganyifu, na unamwumiza kwanza fundi mwaminifu aliye banda la jirani. Hata hivyo anayeulaani aulize pia kwa nini umetokea. Mpingo umekuwa adimu karibu na miji. Huchukua miaka 70 au zaidi kufikia kimo cha kukatwa, na anayeutaka si mchongaji peke yake: viwanda vya Ulaya hutumia mti huu kutengenezea zumari za klarineti na obo, navyo huchagua magogo yaliyo safi kabisa.

Hapo ndipo mtumishi wa umma anapoingia moja kwa moja. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanakijiji uwezo wa kumiliki na kusimamia misitu yao. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilifanya hivyo, na mwaka 2009 misitu yao ikapata hati ya kimataifa ya usimamizi bora. Huko kijiji ndicho kinachouza mti, kikapata mapato, na mti mwingine ukaachwa usimame. Njia ya halali basi ipo. Lakini njia hiyo ina vibali vya kuvuna, ada, na hati ya kusafirisha, na tangu Januari 2017 biashara ya mpingo kuvuka mipaka ya nchi imewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini kutoweka. Mwenye lori ana karani wa kumjazia fomu hizo. Mchongaji mwenye nusu gogo juu ya baiskeli hana. Akikamatwa kizuizini, hutendewa kama mharibifu wa misitu, naye anayevuna kwa wingi hupita akiwa na karatasi mkononi. Ofisa wa misitu ambaye angekaa siku moja na kikundi cha wachongaji, akawaeleza namna ya kuomba kibali kimoja cha pamoja na kununua katika kijiji chenye msitu halali, angeokoa miti mingi kuliko kizuizi cha barabarani.

Na walimu je? Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule na kazi visitengane. Shule nyingi zilipata mashamba, na baadhi zikapata karakana. Zipo karakana ambazo baadaye ziligeuzwa ghala la madawati mabovu, yaani meza ya useremala ikabebeshwa viti ambavyo ingeweza kuvitengeneza. Mwaka 2024 mkondo wa amali ulianza katika baadhi ya shule za sekondari, na swali linaloulizwa kila mahali ni nani atafundisha. Mara nyingi jibu limekaa umbali wa kilomita mbili kutoka shuleni, limeshika patasi. Lakini mkuu wa shule husita kumwita, kwa kuwa fundi huyo hana karatasi ya kuonyesha kwamba anajua anachokijua.

Karatasi hiyo inaweza kupatikana. VETA ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kazi yake, akapewa cheti. Mafundi wengi hawajausikia, na waliousikia wanaogopa chumba cha mtihani kama walivyokiogopa walipokuwa watoto. Afisa elimu wa kata anaweza kuwaandikisha kwa kikundi. Mtahini naye anaweza kuombwa awafuate pale pale bandani, asubuhi, gogo likiwa limeshafunguliwa, amkute mzee kazini na kijana wa msasa ubavuni pake, naye mzee ajibu maswali bila kuweka tezo chini.