HEWA KWA MIMEA YA TANGI LA SAMAKI
(Hotuba fupi kwa wanafunzi, Lamadi)



Tangi lenu lina furu wa Ziwa Victoria, ukoo ambao sangara aliupunguza mno miaka ya 1980. Mimea yake huhitaji hewa ukaa. Mtungi wa chuma hudumu miezi na hufungwa upendapo, lakini ni ghali na hujazwa mbali na Lamadi. Sukari, hamira na maji katika chupa hutoa hewa hiyo wiki mbili hivi kwa gharama ndogo, ila haizimiki. Usiku mimea haiitumii, nayo ikizidi furu hukosa pumzi.

Nashauri hamira: chupa moja ndogo, na kila jioni toeni mpira majini. Msiuzibe, chupa itapasuka. Mmea uliodumaa huchipua tena. Furu aliyekufa harudi.