Maji ya Chupa, ya Mfereji au ya Chemichemi?

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama, Kakamega)



Siku hizi mama akijifungua huambiwa, "Mpe mtoto maji ya chupa, ya mfereji yatamuua." Basi pesa ya unga inaishia dukani. Kumbe mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji yoyote. Maziwa ya mama yanamtosha.

Na sisi wengine je? Hebu tupige hesabu. Tuseme lita moja ni shilingi 60. Watu sita, kila mmoja lita mbili, ni shilingi 720 kwa siku. Nani hapa ataweza? Tena kuna chupa zinazookotwa, zikajazwa mferejini na kuuzwa barabarani. Ukinunua safarini, hakikisha kifuniko hakijafunguliwa na alama ya KEBS ipo.

Maji ya mfereji hutiwa dawa kabla ya kutufikia. Lakini bomba likipasuka, au maji yakikatika, uchafu waweza kuingia njiani. Huko vijijini tegemeo letu ni chemichemi. Nyingi zilijengewa vizuri tangu miaka ya 1980, wakati wa mradi wa maji wa Kenya na Finland katika Mkoa wa Magharibi.

Sasa sikilizeni. Utafiti wa Busia na Butere-Mumias, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba chemichemi ikijengewa, uchafu hupungua kwa thuluthi mbili pale inapotoka. Lakini nyumbani ulipungua kwa karibu robo tu. Uchafu huo mwingine unatoka wapi? Unatoka kwa mtungi usiooshwa na kikombe kinachotumbukizwa pamoja na mkono.

Kwa hivyo tufanye hivi:

1. Tuoshe mtungi kila mara kabla ya kuteka, na tuufunike.
2. Tuchemshe maji ya kunywa mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja. Kuni zikikosekana, tutie dawa ya klorini kama chupa yake inavyoeleza, tungoje nusu saa.
3. Tusitumbukize kikombe. Tumimine.
4. Kamati ya chemichemi irudishe ua, ng'ombe wasiingie.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema maji safi ni haki yetu. Tuidai kwenye mabaraza. Lakini tukiidai, sufuria nayo iwe jikoni, kwa maana kuhara hakumngojei mtu amalize mkutano.

Sasa maswali.